Mkono Uliotangulia Nukta

Kila asubuhi, kabla marubani hawajafika, Sindano aliifuta skrini ya simuleta, mtambo wa kuigizia urubani, taratibu, kama mama anayemfuta mwanawe uso.

Leo hakumaliza.

Simu ilitetemeka. "Chai imepoa," alisema mkuu wake wa upelelezi, kwa fumbo lao: muda unakwisha.

"Naipasha," alijibu, akakata.

Ndege ya magendo ya silaha ingevuka mpaka mchana huu. Marubani hodari wa kuikimbiza walikuwa wamezuiwa kuruka. Walipimwa humu humu: nukta ya kijani hukimbia kwenye skrini, rubani huifuata kwa usukani. Wote iliwaponyoka. Mmoja wao alikuwa kaka yake, na tangu asomewe alama zake, chakula hakimpiti kooni.

Sindano alijua sababu. Nyuma ya mitambo alikuta kidude kidogo kama ukucha, kikichelewesha picha kwa kufumba na kufumbua. Alishakichomoa. Lakini nani alikipachika?

Mhandisi mkuu aliingia akipiga mluzi. Rubani yeyote akilalamika, yeye huketi, huifuata nukta bila kutetereka, kisha humwambia asiyejua kucheza asisingizie uwanja.

"Bosi, nionyeshe tena," Sindano alisema kwa sauti yake ndogo.

"Kumbe bubu anasema? Haya, binti. Tazama wanaume."

Nukta ikakimbia kushoto. Mkono wake ukaitangulia.

Kulia. Ukaitangulia tena.

Mkono huo ulikuwa umefanya mazoezi na ule ucheleweshaji. Ulijua kuuwahi. Sasa kidude hakipo, na mkono haukuambiwa.

Mluzi ukakatika. Vidole vyake vikateleza kuelekea silaha aliyoificha soksini.

Bastola ya Sindano, Glock, ilikuwa tayari sikioni mwake.

"Thubutu," Sindano alinong'ona. "Watu wazima wametoka humu wakilia. Nawe ukawacheka."

Alimfunga pingu, akashika redio.

"Tumempata. Warusheni marubani wote."

"Una hakika?"

"Mkono wake umeungama."

Walinzi wakamzoa. Sindano akakunja kitambaa chake, akatoka.

Ving'ora vilikuwa vimeanza. Ukumbini kaka yake alikuja mbio, kofia ya urubani kwapani, uso umekunjamana. Wiki nzima dada huyu hakuwa na neno jingine kwake ila pole.

"Unakuja na pole yako tena?"

"Sina pole." Hakusimama. Alimpita kwa mwendo ule ule, hasira ikiipandisha sauti yake, hata walinzi wakageuka. "Hukushindwa, kaka. Walikuibia. Nilitaka kukwambia siku ile ile, ila ningemshtua mwizi. Kapande ndege yako."