Damu ya Kitovu cha Mfaume

Kabati la kuoteshea damu lilikuwa linanyonya. Adhuhuri ile Mwanajuma aliisikia vizuri sauti ya mtoto mwenye njaa, na maziwa yake mwenyewe yakachuruzika mpaka koti la maabara likalowa.

Alijua kosa ni lake. Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa, Daktari Masolwa alirudi Tabora na elimu mpya: damu ya kitovu ina chembe changa, zikioteshwa chupani zitakuja kutibu watoto wenye ugonjwa wa damu. Akina mama wakagoma. Kondo la nyuma huzikwa uani na damu yake, mtoto apate kwao. Mwanajuma, msaidizi wa daktari, akajitia ujasiri. Alipomzaa Mfaume alitoa damu ile kimyakimya, na mama yake akazika kondo kavu nyumbani Chemchem bila kujua.

Chembe zikaota upesi mno, daktari akachekelea. Mfaume akakataa ziwa, akapauka midomo. Mwanajuma akaogopa. Akaenda kuimwaga damu akiwa na mtoto mgongoni, na tone la kwanza lilipogusa sinki chumba kikajaa harufu ya udi na uzazi, Mfaume akalegea, shingo ikaanguka, pumzi ikakatika, isirudi mpaka mama mtu alipoisimamisha chupa wima huku akilia.

Akamwita Mwalimu Abbasi, mtoa majini wa mtaani. Mzee alisoma, akafukiza ubani, jasho likamtoka, kisha akanong'ona:

"Jini limekuta damu haina kwao, limeifanya mwili. Nikilitoa, mwanao naye anatoka."

"Basi tuizike na kondo lake, mwalimu."

"Utazikaje kilicho hai, mwanangu? Kilee. Kipate joto la mama, usikiweke chini."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Daktari alipohamishwa, maabara ikafungwa na kabati likazimwa. Mwanajuma akaifunga chupa tumboni kwa kanga, ngozi kwa ngozi. Mfaume akanenepa, akacheka. Mwanajuma hakulala tena kifudifudi, wala hakumwambia mtu.

Siku moja, kwenye foleni ya sukari, wanawake waliliona tumbo wakampongeza, wakamtania kwamba hangoji hata huyu wa mgongoni aache ziwa. Akaitikia kwa aibu. Mmoja wao akanyoosha mkono kulipapasa, akashtuka, kisha akacheka.

"Ana nguvu huyu," akasema. "Amenipiga teke."