Chukua Chochote Unachotaka

Rafu ya mitufaa ilikuwa tupu. Chupa zote za miche iliyooteshwa kutoka kwenye seli za chipukizi moja zilikuwa zimetoweka. Waridi za rafu ya chini hazikuguswa.

"Mizizi imetoka jana tu!" Profesa Kenes, mkurugenzi wa maabara, alikaribia kulia. "Mwaka mzima majani matupu, na kesho miche inasafirishwa kwa mnunuzi wa ng'ambo!"

Inspekta Maksut alikuna kichwa. Kufuli zima. Hadubini ipo. Alama za vidole ni za wafanyakazi tu, na wote wana ufunguo. Nje kulijaa tope la theluji, lakini sakafu haikuwa na doa: mwizi alivaa kandambili za maabara, kisha akazipanga tena mlangoni. Almaty ina wezi wake, lakini wenye adabu namna hii hakuwahi kuwaona. Hakuelewa kitu.

Akaanza kuwahoji. Mezani kwa Raushan, fundi wa maabara, kulikuwa na boksi la chokoleti, utepe bado umefungwa.

"Za nani hizi?"

"Zangu. Kanipa mkurugenzi, agai wetu. Mimi ndiye niliyemkimbilia jana: 'Agai, suyinshi! Mizizi imetoka!'"

Maksut alitabasamu. Mleta habari njema akishasema suyinshi, lazima apewe zawadi. Siku alipopata mtoto wa kwanza, shemeji yake aliondoka na saa yake ya mkononi.

"Mbona hujafungua?"

"Sikuchagua hizo."

"Kwani uliambiwa uchague?"

Raushan alilisukuma boksi kando.

"Dada yangu, alikwambia nini hasa?"

"'Chukua chochote unachotaka.'" Raushan aliinua uso. "Nikachukua."

"Wewe mwanamke!" Profesa alifoka kutoka mlangoni. "Yale maneno ya furaha tu! Kila mtu husema hivyo!"

"Na kila mtu hutoa, agai. Chipukizi lile tulilitoa kwenye mti wa baba yangu, kabla haujakatwa wajenge maghorofa. Nilikuomba mche mmoja, ukaninyima. Baba haoni tena. Anataka aushike tu kabla hajafa."

Wizi, au zawadi? Maksut alichanganyikiwa zaidi kuliko alipofika. Alimtia pingu, na roho ikamuuma.

Wote watatu walikwenda nyumbani kwa Raushan kuchukua vielelezo. Chupa zilikuwa dirishani, vifuniko vimekazwa. Mzee Tursyn, baba yake, alikuwa amekumbatia moja kifuani.

"Asalam aleikum, babu."

"Mgeni! Suyinshi, mwanangu! Mtufaa wangu umefufuka!"

"Omba unachotaka, babu," Maksut alijibu, kama alivyozoea tangu utotoni. Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

Raushan alipiga magoti kando ya baba yake. Mzee alipapasa mkono wa binti yake mpaka vidole vikagusa chuma.

"Basi nataka huyu."

Inspekta alimgeukia mlalamikaji. Profesa alitazama zile chupa, akamtazama mzee, akatazama zulia.

"Mfungue," alisema. "Na hiyo aliyoishika, ibaki."

Maksut alikuwa ameshatoa ufunguo.