Silensa ya Gari la Mama Samira

Silensa ya gari la Mama Samira, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa ikipanda na kushuka. Hilo halikumshangaza fundi Andongwisye, maana gari lilikuwa la zamani, na magari ya zamani yana vituko vyake. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa ameshachomoa betri, funguo ziko mfukoni mwake, na injini bado ilikuwa inahema.

Alisikiliza. Ukungu wa Julai ulikuwa umeifunika Bulyaga toka asubuhi, na bati la gereji yake, lililoegemea ukuta wa nyumba, lilidondosha maji. Chini ya boneti kulikuwa na pumzi: nane za harakaharaka, kisha zinashuka, zinakaribia kukata, kisha nane tena.

"Hewa imebaki kwenye mipira," alijisemea. Fundi hakosi jibu.

Na ieleweke kwamba hakuombwa kugusa injini. Sauda, yaani Mama Samira, muuza vitenge wa mjini, alileta gari libadilishwe breki. Alisema mara mbili: "Breki tu, fundi. Silensa iache hivyo hivyo, tumeizoea." Lakini hebu mwambie fundi aache silensa mbaya, uone! Gari litoke kwake linakohoa, watu wasemeje?

Basi akarudisha betri, akawasha. Akasafisha plagi, akaosha mlango wa hewa, wapi. Akapapasa mipira mmoja mmoja mpaka akafika kwenye mpira mwembamba nyuma ya injini, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Andongwisye, mwimbaji wa kwaya, alijua hirizi akiiona. Alicheka.

"Sasa hapa injini itapumuaje, jamani?"

Akaking'oa kwa koleo. Ikatoka harufu ya udi na majivu mabichi. Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wetu wote: akatia mpira mdomoni, akanyonya, aone kama njia iko wazi.

Kilichokuja kilikuwa cha baridi. Kilishuka kifuani na hakikutoka. Alipochomeka mpira mahali pake injini ikatulia, ikaunguruma sawasawa, na yeye akafurahi, akazima gari, akaingia ndani kula.

Jenifer, mkewe, alikuwa anamenya ndizi. Binti yao Elina, miezi minne, alikuwa kitandani. Baba yake aliinama akampulizia usoni kidogo, mchezo wao wa kila mchana, ila leo mtoto hakupepesa jicho, akafungua mdomo, akavuta pumzi nane za harakaharaka, na kifua chake kidogo kikashuka, kikaendelea kushuka mpaka mbavu zikahesabika, na chumba chote kikanuka udi, na ndipo, baba yake akiwa amesimama na mikono yake ya oili hewani, zikaja nyingine nane.

"Baba Elina," Jenifer alinong'ona, "mtoto anafanya nini?"

Andongwisye aliijua sauti ile. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake.

"Ni mimi," alisema. "Nimemletea mimi."

Hakungoja. Alifunika pua na mdomo wa mwanawe kwa mdomo wake, akanyonya kama alivyonyonya ule mpira. Baridi ikarudi kifuani. Elina akapiga kelele za mtoto mzima wa afya, Jenifer akamnyakua, wakalia wote wawili. Andongwisye akakaa kitako sakafuni.

Hapo ndipo Sauda alipoingia bila hodi. Alikuwa amefuata gari, akajaribu kuliwasha kwa ufunguo wake wa akiba, akasikia lilivyotulia.

"Umekichomoa," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, fundi. Kiko kwa nani?"

"Kwangu."

Sauda alichuchumaa mbele yake, akaongea harakaharaka, akinong'ona. "Kilimkaa mume wangu, Haruni. Hakuumwa popote. Alipoletewa habari ya kifo cha mama yake alimaliza chai. Samira alipoungua na uji, alimtazama tu, kijiko mkononi. Shehe akasema apulize kwenye ule mpira, akakizibia humo. Lakini wanaume wanne ndio waliomshika, maana yeye mwenyewe hakutaka tena kukitoa. Umenielewa? Nenda ukapulize sasa hivi, wakati bado unataka!"

"Nenda, mume wangu," alisema Jenifer. "Nakuomba sana."

Andongwisye alimtazama Elina. Alimpenda mno. Akainuka, akatoka mbio.

Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua ishirini. Ya kwanza mpaka ya tano alikuwa analia. Ya kumi alikuwa anatembea. Alipofungua boneti na kuchomoa mpira, mikono ilikuwa haitetemeki. Sauda alisimama kando yake, kifurushi cheusi alichokiokota gerejini kimebanwa kiganjani.

"Puliza, fundi!"

Andongwisye alifikiri. Alikumbuka kwamba kulikuwa na sababu, tena kubwa, akaitafuta kama spana iliyokuwa mkononi sasa hivi. Hakuiona. Mpira ulikuwa safi na injini ilikuwa nzuri. Akauchomeka, akakaza klipu yake, akafunga boneti.

"Silensa iko vizuri," alisema. "Breki nitamalizia kesho."

Sauda alikimbilia barabarani akipiga mayowe, anaita wanaume. Hakuna aliyeitika. Wanaume wote wa mtaa walikuwa Kawetele, msibani, na hawangerudi mpaka jioni.

Jenifer alimfuata mumewe hadi gereji. Alimweka Elina kwenye mikono ya baba yake, maana hakuwa na dawa nyingine, akasimama karibu, akingoja.

Mtoto alikuwa wa moto, mzito kidogo, pumzi zake zimenyooka. Alishika kidole cha baba yake, akakikaza. Andongwisye akakiangalia kile kiganja kwa muda, kilivyochafuka oili. Kisha akakibandua, kidole kimoja kimoja, taratibu asimuumize, akamrudisha mtoto kwa mama yake.

"Mchukue," alisema. "Nina kazi."