Zumbwela Haipo Kwenye Ramani

Redio ilikohoa mara mbili chini ya kaunta.

Winnie, mhudumu wa mapokezi wa gesti moja pale Mikumi, alimrudishia dereva wa lori kitambulisho chake, akamwelekeza chumba, akajifungia stoo. Alipopachika kisikilizi sikioni hakuwa Winnie tena. Alikuwa Dotto, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumenasa ujumbe."

Hildegarda, mkuu wake, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Akasoma: "'Mzigo unaingia Zumbwela leo saa kumi. Lango la Maziwa.' Ni pembe za ndovu. Mnunuzi ni yule mgeni tunayemwita Kinyonga. Vijana wamepekua ramani zote, za hapa na za ng'ambo, wametoka kapa. Wewe umewahi kuisikia Zumbwela?"

Dotto akaketi juu ya kreti la soda.

Zumbwela! Mji huo aliujenga yeye.

Aliujenga kwa udongo, enzi anachunga ng'ombe Rudewa na pacha wake, Kulwa. Ng'ombe wanakula, wao wanajenga. Zumbwela, mji mkuu wa Balungwi, nchi isiyo na kupe wala kesi za mashamba, mfalme wake fahali, maziwa bure kwa kila mtu. Ikulu ilikuwa lile jumba la mitambo ya mkonge lililobaki bila paa. Ufa wa ukuta wa nyuma ndio Lango la Maziwa. Wenyeji wa mji huo duniani kote walikuwa wawili tu.

Mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Basi aliyeandika ujumbe ni yule mwingine.

"Ni Rudewa, mama. Magofu ya mkonge."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

"Haya. Kikosi kinatoka Kilosa. Amri ni moja: atakayekimbia, apigwe risasi."

Kulwa angekimbia. Tangu utotoni, akiona sare tu, mguu niponye!

"Naomba niingie kwanza."

"Ukichelewa, sikungoji."

Pikipiki yake, Boxer, ikanguruma. Bastola ya Glock kiunoni, droni mgongoni ndani ya begi la shule.

Barabara ya Kilosa ilimmiminia vumbi lake lote. Alipofika Mabwerebwere, kina mama walikuwa wanakaanga vitumbua na kutaniana kwa sauti, huyu anamsuta yule, yule anacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemwita. Angeitwaje, na jina lake hawalijui? Watu husema jasusi anaogopa risasi. Uongo mtupu! Jasusi anaogopa Jumapili, siku ambayo kila mtu ana pa kwenda.

Baba yake alikufa yeye akiwa kazini. Habari ilimfikia kaburi limeshaota nyasi. Iliuma, na bado inauma.

Akaficha pikipiki kwenye mikonge iliyosahauliwa nyuma ya jumba, akajibanza kando ya ufa wa ukuta, akarusha droni.

Kioo kikaonyesha yote. Uwanjani mbele ya jumba, mkokoteni wa ng'ombe wenye magunia ya pumba. Land Cruiser nyeupe. Kinyonga, miwani nyeusi, anapasua gunia kwa kisu, anatoa pembe, anaipapasa. Nje ya uwanja kundi la ng'ombe linakula, ili mpita njia aone mchungaji tu.

Na Kulwa. Amekonda! Ameanza mvi.

"Dotto, kikosi kinaingia," Hildegarda alisema sikioni.

Kinyonga alirudisha pembe guniani. Akatabasamu, akampa Kulwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukaingia kotini, ukatoka na bastola yenye kiziba sauti.

Shahidi hatakiwi.

Dotto alichomoa Glock, akachungulia kwenye ufa wa ukuta mpaka uwanjani. Lo! Mgongo wa Kulwa ulikuwa katikati yake na Kinyonga. Angepiga, angempiga ndugu yake.

Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Mfupi, mfupi, mrefu unaopanda.

Huo ni mluzi wa magadi. Kila boma la wafugaji lina wake, na wa kwao aliutunga baba. Ng'ombe akiusikia, hata awe ameshiba vipi, anajua kuna magadi ya kulamba. Ndama hujifunza kwa mama, mama kwa bibi. Kulwa alikuwa amekuja kufanya uhalifu na ng'ombe wa baba.

Waliinua vichwa. Kisha wakaja.

Wote! Kwato zikatimua vumbi, pembe zikagongana, kundi likamiminika uwanjani kuelekea Lango la Maziwa kama watoto waliosikia kengele ya kutoka. Risasi ya Kinyonga ikaenda angani. Fahali akamsukuma ubavuni, akaanguka chali, miwani huko, bastola kule. Alipotaka kunyanyuka, Dotto alishapenya ufani, mdomo wa Glock ulikuwa puani pake.

"Tulia hivyo hivyo, mgeni. Karibu Zumbwela."

Akamfunga pingu kwenye bampa la Land Cruiser.

Kulwa alisimama ameduwaa, ng'ombe wakimnusa Dotto mikono, wanatafuta magadi ambayo hayapo. Ngurumo za magari zikasikika. Kulwa akatazama mikonge, magoti yakajikunja tayari.

"Usithubutu! Lala chini, leta mikono."

"Unifunge wewe? Nani mkubwa hapa? Hata shikamoo hunipi?"

"Nikufunge mimi, au wakupige wao."

Akalala. Pingu zikalia.

"Kwa nini uliandika Zumbwela?" Dotto aliuliza. "Huyu mgeni ulishamwonyesha hapa, hakuhitaji jina."

"Nilijua mgeni ataniua. Nikasema, watu wa usalama wanasikiliza simu za wenzao. Kama Dotto yuko huko, atasikia."

"Nani alikwambia niko huko?"

"Baba. Alisema mtu asiyetaja kazi yake, kazi yake ni hiyo."

"Si ungepiga simu tu, Kulwa!"

"Namba ipi?"

Dotto akakagua tena pingu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Baba tulimchelewesha kuzika tukikungoja," Kulwa alisema. "Hatukuwa na namba."

Askari walijaa uwanjani. Dotto alichomoa kalamu. Akashika kiganja cha ndugu yake, akaandika chini ya pingu namba ambayo sheria ya idara inakataza kumpa kiumbe yeyote.

"Dotto, ripoti," Hildegarda aliita.

"Kinyonga mikononi. Mzigo mikononi. Mchungaji amejisalimisha, yu hai, atakuwa shahidi."

"Safi. Na hiyo Zumbwela, niandike iko kwenye ramani ipi?"

"Haipo, mama."

Akavaa kofia ngumu, akaondoka bila kugeuka.

Jioni Winnie alikuwa kaunta, Mikumi, akigawa funguo. Simu aliiweka mbele yake, akaongeza sauti mpaka mwisho. Alijua vizuri kwamba mahabusu hawaruhusiwi simu.

Akaangalia kama mtandao upo. Upo.