Tanga la Steinvor

MAJI YAMEJAA

Nyuma ya tanuri la lami, mahali ambapo hata mbwa hapapendi kwa moshi, watu watatu walichutama kuzunguka mchoro uliochorwa kwenye majivu.

"Hili ni banda la merikebu," alisema Thrond. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa sikio moja. La pili lilibaki Ayalandi. "Mlango wa nchi kavu umefungwa. Wa upande wa maji uko wazi. Tunaingia na mashua, tunabeba tanga, tunatoka. Maji yakipwa tukiwa bado ndani, mashua inakwama topeni. Na sisi tunaning'inizwa."

"Za mwizi arobaini," alitania Kolbein, mpiga makasia, mwenye mdomo usiotulia. "Sisi leo ya ngapi, mkubwa?"

"Thelathini na tisa. Funga domo."

Wa tatu alikuwa mwanamke. Steinvor ndiye aliyelifuma tanga lenyewe, yeye na wenzake, majira matatu ya baridi kwenye nyumba ya kufumia ya chifu Hallvard. Lilimeza sufu ya kondoo wa bonde zima. Merikebu, mafundi wazuri wataichonga kwa majira mamoja. Tanga huwezi kuliharakisha namna hiyo. Likipotea, Hallvard haendi vitani mwaka huu. Thrond alikuwa na mnunuzi ng'ambo ya hori. Steinvor hakutaka hata kipande cha fedha. Alikwisha kuzipa merikebu za Hallvard wana wawili, wakauawa kwa panga ugenini, na hakurudishiwa hata viatu vyao. Aliyebaki ni Eyvind. Naye kapewa kasia lake, na safari ni kesho kutwa.

"Mlinzi?" aliuliza Thrond.

"Mzee Gaut. Nimempelekea pombe ya asali tangu asubuhi. Wengine wote wako msituni kwenye sadaka ya farasi."

"Mwanao je?"

"Yuko huko huko, anakula nyama." Steinvor alimkazia macho. "Thrond, sitaki damu. Apa."

Thrond alishika pete ya chuma mkononi mwake, akaapa. Aliapa upesi mno. Mtu anayeapa upesi namna ile mimi simwamini, lakini Steinvor alikuwa na haja, na mwenye haja huamini chochote.

MAJI YANAANZA KUPWA

Mashua iliingia bandani bila sauti. Ndani kulinuka lami na mafuta ya nyangumi. Merikebu ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, tayari kwa safari. Tanga lilikuwa limekunjwa juu ya boriti, zito kama ng'ombe aliyelala. Walilishusha kwa kamba, jasho likiwatoka. Steinvor alisimama kidogo, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Vuta, Mama Eyvind," alinong'ona Thrond. "Utalipapasa siku nyingine."

Nusu ya tanga ilikuwa tayari kwenye mashua mtu alipoinuka ndani ya merikebu. Hakuwa Gaut. Gaut alilewa chakari mpaka akashindwa kusimama, na Eyvind, mwana mwenye huruma, akambeba hadi kwake, kisha akarudi kushika zamu ya mzee. Mipango si matumizi.

Eyvind aliruka chini, shoka mkononi. Akamwona Thrond. Akamwona Kolbein. Kisha akamwona mama yake.

Ukelele mmoja ungetosha. Msitu haukuwa mbali, watu wangeshuka mbio. Kijana alifungua kinywa, halafu akakifunga. Anayeiba tanga la chifu huuawa, awe mwanamume au mwanamke, na yeye alilijua hilo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nenda nyumbani. Hukufika hapa."

"Twende wote."

"Nimemwapia Hallvard. Tanga linabaki. Nyie wawili, tokeni."

"Huyu ataita watu," alisema Thrond.

"Hataita mtu. Thrond, uliapa."

"Maji yanapwa, Mama Eyvind."

Mkuki wa Thrond ulimwingia kijana chini ya mbavu. Hata hapo hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinyamaza na mauti yake ili mamaye aishi.

TOPE LINAONEKANA

Kolbein hakuwa na utani tena. "Hatukukubaliana hivi, mkubwa."

"Shika makasia."

Akayashika. Thrond alivuta nusu ya tanga iliyobaki, ikaburuzwa na kuacha alama nyekundu sakafuni.

"Panda, mama. Watakukuta na maiti."

Steinvor alipiga magoti kando ya mwanawe. Mashua ikaondoka. Alichokitaka amekipata: merikebu haitoki, na Eyvind haendi nayo.

Eyvind alikuwa hai bado. Macho yake hayakuona vizuri tena. Mkono wake ulipapasa mbao.

"Shoka langu, Mama. Nipe."

Shoka lilikuwa pale, shubiri moja tu kutoka vidoleni. Kwetu kila mtu anajua: anayekufa ameshika silaha huchukuliwa na Odin, mungu wa vita, akaketi na mashujaa ukumbini kwake. Kaka zake wawili walikuwa huko wakimngoja. Anayekufa mikono mitupu hushuka kwa Hel, malkia wa wafu, kwenye baridi, wanakokwenda wagonjwa, wazee na wanawake wafumaji.

Steinvor alilisukuma shoka kwa goti mpaka likapotelea chini ya merikebu. Kisha akatia mkono wake kwenye kiganja cha mwanawe. Vidole vilijikunja polepole.

"Mama," alisema Eyvind. "Hili si shoka."

"Najua, baba. Ni mimi."

Alijaribu kujinasua. Steinvor alimshikilia mpaka akaacha.