Maua ya Mkono wa Kulia

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilichelewa saa mbili, na ilipoingia stesheni ya Tabora kila mtu alitaka mzigo wake kwa wakati mmoja. Awadhi, fundi wa redio na simu mwenye kibanda karibu na soko kuu, alipokea boksi lake la vipuri akalifungua palepale, maana alikuwa mtu wa kukagua. Ndani hakukuwa na vipuri. Kulikuwa na pakiti za unga wa hina.

"Hilo ni langu," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, baibui jeusi, mtandio wa zambarau, wanja uliokaa vizuri jicho moja na kwenda upande kidogo jicho la pili. Kwapani alikuwa amebana boksi linalofanana na lile. Awadhi akamkabidhi la kwake kwa mikono miwili. Mwanamke akanyoosha wa kushoto peke yake.

"Dada, unapokea kwa kushoto?"

"Wa kulia umesafiri."

"Umekwenda wapi?"

"Ukikutana nao, uniambie."

Ndipo Awadhi alipouona mkono wenyewe, vidole vimejikunja ndani ya mkono wa baibui. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nisamehe, dada yangu."

"Ukitaka nikusamehe, nibebee mzigo. Nakaa Mtendeni, si mbali."

Njiani alijua mengi. Jina lake Tufaha, mjane, akiishi na mama yake, Bi Zuwena. Alikuwa mchoraji wa hina. Maharusi walimfuata hata kutoka Usinge. Mwaka uliopita kiharusi kilimkuta asubuhi moja, mguu wa mteja ukiwa mapajani mwake. Mguu wake mwenyewe ulipata nafuu. Mkono ulibaki. Sasa aliuza unga, wengine wakachora.

Awadhi alikwenda tena Mtendeni kumjulia hali, akaenda tena. Siku ya tatu alimkuta Imakulata, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ameweka kifaa kidogo juu ya mkeka.

"Hii klipu inabana sikioni," Imakulata alieleza taratibu. "Hapa unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Hapakatwi, hapachomwi sindano. Mkono unapojaribu kwenda, mtu anabonyeza hapa, umeme kidogo unapita. Ubongo unauzingatia mwendo ule. Lakini lazima mkono ufanye kazi, na lazima abonyeze wakati uleule, si kabla, si baada. Sina ahadi. Wapo waliopata nafuu. Ni wiki sita, kisha kinakwenda kwa mwingine."

"Atabonyeza nani?" Bi Zuwena aliuliza. "Mimi macho yangu ndiyo haya."

"Nitabonyeza mimi," Awadhi alisema. "Mimi fundi."

"Fundi mwenyewe anayefungua maboksi ya watu," Tufaha alisema, lakini alitabasamu.

Ikawa kila siku baada ya alasiri wanakaa barazani, Bi Zuwena akichambua mchele mbele yao kama heshima inavyotaka. Tufaha alivaa klipu, akashika koni ya hina, akajaribu kuchora ua kwenye karatasi. Awadhi hakutazama uso. Alitazama vidole, na vilipotikisika tu, alibonyeza. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani kakwambia mimi mpenzi wako?"

"Basi umekula, mgonjwa wangu?"

"Bora mpenzi."

Wiki ya pili kidole gumba kilianza kusukuma koni. Siku ya kumi na mbili Awadhi aliinua macho, akaona kitu kilichomkosesha raha. Kila alipobonyeza, Tufaha alikunja uso na kuuma mdomo. Anaumia, aliwaza, na kwa heshima hasemi. Namba ya nguvu ilikuwa sita, kama Imakulata alivyoiweka. Akaishusha hadi moja, polepole, kama mtu anavyopunguza redio mtoto akilala. Hakumwambia mtu.

Siku ya ishirini na nane Imakulata alikuja kupima. Alipima mara mbili, kisha akasoma kumbukumbu ya kifaa.

"Tangu wiki ya pili hakuna kilichoongezeka. Nani amegusa nguvu?"

Awadhi hakujificha. "Mimi. Nilidhani anaumia."

Tufaha aliitoa klipu sikioni, akaiweka mkekani.

"Siku kumi na sita, Awadhi."

"Nilikuonea huruma."

"Ungeniuliza. Mdomo wangu haukupooza."

"Tufaha..."

"Nenda nyumbani."

Siku tatu Bi Zuwena alibonyeza, kila mara akichelewa.

"Mama, mkono umeshapita."

"Basi urudishe nikubonyezee."

Tufaha alicheka, kisha akalia, maana siku zilikuwa zinakwisha na ua halikuwa na petali hata moja iliyokamilika.

Siku hizo Awadhi alikaa kibandani bila kumaliza simu hata moja. Jioni ya tatu alimfuata Imakulata kliniki, penye kifaa kingine kisichotoka nje, akamwomba amvalishe. Namba sita. Alishika kiti kwa nguvu, akangoja maumivu. Alitoka hapo akapiga simu.

"Nimeivaa," alisema.

"Umevaa nini?"

"Klipu. Namba sita. Haiumi, Tufaha. Inatekenya, kama sisimizi anatembea sikioni."

"Najua."

"Sasa ulikuwa unakunja uso kwa nini?"

"Nilikuwa naangalia maua yangu," Tufaha alisema. "Yalikuwa mabaya mno."

Awadhi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Upande wa pili naye alianza kucheka, kicheko chake cha chini kisichotaka kusikiwa na mama.

"Nimekuwa fundi wa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika," Awadhi alisema. "Sitagusa kitu chako tena bila kukuuliza."

"Njoo kesho baada ya alasiri. Uchelewe uone."

Zilibaki siku kumi na moja. Kila siku, kabla ya kuanza, Awadhi aliuliza, "Sita?" na Tufaha akajibu, "Sita." Alikunja uso atakavyo, naye akabonyeza. Mkono haukurudi kama ulivyokuwa zamani. Ulirudi kama mtu anayetoka safari ya mbali kwa miguu: kwanza kifundo, kisha gumba, kisha vidole viwili. Siku ya mwisho Tufaha alichora ua la petali tano. Ya nne ilikuwa imepinda. Alilitazama muda mrefu, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, mara tatu.

Imakulata alikuja kuchukua kifaa. Kilikuwa kinakwenda Tura, kwa Mzee Leodgar, aliyewahi kufanya kazi reli. Tufaha aliifuta klipu mwenyewe kwa kitambaa chenye spiriti, akaiweka kwenye kasha lake.

"Mwambie aliyeivaa kabla yake anamsalimu sana. Na wewe, Mungu akulipe. Mimi sina cha kukupa."

"Umeshanipa," Imakulata alisema, akakunja karatasi yenye ua akaitia mkobani.

Alipoondoka, baraza lilionekana tupu bila kile kifaa.

"Sasa sina sababu ya kuja," Awadhi alisema.

"Mtu mzima anakosa sababu?"

Bi Zuwena aliinamia sinia la mchele akawa kama haoni wala hasikii.

"Tufaha, nakuuliza. Niwatume wazee?"

"Watume Ijumaa." Alisema bila kuinua uso, lakini sikio lake lilikuwa limeiva kwa haya. "Ila harusi ikifika, wasilete mtu wa kunipaka hina. Mkono wa kushoto nitajichora mwenyewe."

"Na wa kulia?"

Tufaha aliuinua, akaugeuza, akautazama kiganja na mgongo wake.

"Wa kulia uachwe hivihivi," alisema. "Siku hiyo nataka upumzike."