Birika Ambalo Halikujaribiwa

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tatu Juni mwaka 2071, pale ndege-mzigo ilipotua kwenye kibaraza cha Mzee Kondo Pazi, ghorofani kule Mbagala, ikaweka birika la umeme na kuondoka. Hakuna aliyeliagiza. Asubuhi ile mkewe, Mwanahawa, alilalamika tu kwamba birika lao linachelewa kuchemsha. Sikio likasikia.

Sikio ni kidude cheusi, ukubwa wa kitumbua, ambacho wakubwa waliamuru kibandikwe kila nyumba walipofunga maduka ya umeme Kariakoo. Linasikia unachohitaji, linakinunua Soko Hewani, kinafika kabla hujavaa viatu. Maendeleo, walisema. Wao wenyewe chai wanachemshiwa na watu.

Mwanahawa hakuwahi kununua kitu bila kukijaribu. Enzi za Kariakoo muuzaji alichomeka mbele yake, taa ikawaka, naye akagusa bati kwa mgongo wa kiganja kuhakikisha halipigi shoti. Muuzaji alimsimamisha kwanza juu ya kipande cha raba, na mkono wake mwenyewe hautoki kwenye swichi.

"Ngoja nilijaribu," alisema siku ile.

"Limeshaletwa hilo, utamrudishia nani?" Kondo alimtania. "Utairukia ile ndege?"

"Nitairukia, na wewe nimekubeba mgongoni."

Alicheka, akachomeka. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Akagusa kwa mgongo wa kiganja. Kwenye swichi hakukuwa na mtu.

Baada ya mazishi Kondo alikwenda kulalamika, lakini Soko Hewani halina ofisi wala mlango, ni sauti tu. "Pole, mteja. Kifaa hakiguswi kikiwa kwenye umeme." Bwana mkubwa mmoja akatokea kwenye ukuta wa picha, amenenepa, akasema wananchi wajifunze teknolojia. Wajifunze! Aliyewafungia maduka hakuulizwa neno.

Baada ya arobaini binti yao Sauda alihamia kwa baba yake. Alijua kuwa umeme ndio uliomuua mama. Ulimuuaje, Kondo hakuthubutu kusema, kwa sababu neno birika likitajwa mle ndani, Sikio linanunua. Mzee alikuwa anaiogopa nyumba yake. Alikuwa anachagua maneno kama mtu anayekanyaga vigae vilivyovunjika.

Alasiri moja alikuwa bafuni anatawadha, akamsikia Sauda jikoni.

"Baba, kwani birika liko wapi? Nikuchemshie maji."

Tayari kibarazani ndege-mzigo ilikuwa inavuma.

"Sauda! Usiliguse hilo!"

"Unasemaje? Sikusikii, maji hayo!"

Alitoka mbio, miguu inateleza. Birika lilikuwa mezani, jeupe, taa nyekundu inawaka, ndugu pacha wa lile la kwanza. Sauda alikuwa peku, amenyoosha mkono, mgongo wa kiganja mbele.

Kondo alijirusha ukutani, akazima swichi. Akabaki ameishikilia.

"Kuna nini, baba? Nalijaribu tu. Si mama ndiye aliyenifundisha hivi?"

Kondo akaligeukia Sikio, lile linalojua kila kitu, hata bei ya vitunguu Lushoto.

"Hili birika, kabla ya kuletwa hapa, nani alilijaribu?"

Nje ndege-mzigo nyingine zilikuwa zinapita, kila moja na kibaraza chake.

"Nakuuliza wewe. Nani alilijaribu?"